Mrejesho: AC ya boti iliyokuwa inajizima

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza wiki iliyopita kuhusu AC ya boti yetu, ile inayopozwa kwa maji ya bahari, inawaka dakika 10 halafu inajizima na kuonyesha hitilafu ya presha kubwa. Tupo Mombasa.

Aliyesema niangalie kwanza maji ya kupoza AC yanayotoka ubavuni mwa boti, Mungu akubariki. Yalikuwa yanatoka kama mkojo wa mtoto! Fundi wetu alikuwa ameshaniandikia bei ya gesi, na gesi haikuwa na shida hata kidogo; presha ilipanda kwa sababu maji ya kuipoza yalikuwa machache.

Chujio la maji ya bahari lilikuwa safi. Tukafunga valvu ya chini ya boti inayoingiza maji, tukafungua mpira unaoyapeleka kwenye pampu: hewa tupu. Kumbe mpira ulipopitishwa upya mwaka jana ulipandishwa juu kisha ukashushwa kwenye pampu, na hewa ikanasa pale mpira ulipojikunja juu. Pampu hizi hazijui kuvuta hewa, zinazunguka bure tu. Tumeupitisha mpira upya, sasa unapanda tu bila kushuka popote hadi kwenye pampu. Mzamiaji naye akakwangua vigamba vilivyoziba tundu la kuingizia maji.

Jana imefanya kazi saa 6 mfululizo, abiria wakaomba ipunguzwe. Kabini ya mbele bado feni inapiga kelele, hiyo nitaifungua Jumamosi.