Tupeane uzoefu: kazi ya nyumbani mliyoifanya wenyewe wawili, iliwagombanisha au iliwapatanisha?

Mama wa Dirishani
Wapendwa, nimejifungia chumba cha nyuma naandika huku moyo umenijaa. Tangu mchana mimi na mume wangu hatusemezani, na chanzo ni ukuta. Ukuta huu tuliupaka rangi wenyewe mwaka jana, tukashinda siku mbili tunacheka, yeye na rola, mimi na brashi ya pembeni. Haikupita miezi mingi rangi ikaanza kufanya malengelenge chini karibu na sakafu. Ukibonyeza kwa kidole linapasuka, unamwagika unga mweupe. Leo nimekuja na ndoo mpya ya rangi, nimeshika kikwaruzo, yeye kasimama mlangoni: "Hupaki, ukuta wenyewe unatoa maji." Nikamwambia nimesubiri vya kutosha. Basi yakatoka maneno ambayo hayahusiani na rangi hata kidogo.

Ile kona ndiyo yangu. Nimeipangia kiti kimoja na meza ndogo chini ya dirisha, nikae saa 11 alfajiri nyumba ikiwa bado imelala, nisome kurasa zangu 5 tu. Sijaomba kingine.

Wenzangu, ni kazi gani mliifanya wawili ikawatoa machozi? Na ipi iliwapa raha?

Kitasa
Pole dada. Maneno yasiyohusu rangi nayajua. Kwetu yalitokea kwenye kabati la viatu.

Pima Maji
Umenigusa pabaya, ngoja nitoe la kwangu.

Tulikuwa tunatundika rafu ya vitabu. Mke wangu kaniambia mara mbili: usitoboe hapo, nyuma yake kuna bafu. Nikamjibu bomba linapita chini. Tundu la kwanza salama. La pili, mkono ukaingia laini ghafla, kisha maji. Hayakutiririka, yaliruka. Yalinipiga kifuani nikarudi hadi ukingo wa kitanda. Nikaziba kwa kidole gumba, na hapo ndipo nikanasa, maana nikiondoa kidole chumba kinajaa. Namuuliza mke wangu koki kuu iko wapi, naye ananiuliza mimi. Miaka 6 tunaishi nyumba ile, hakuna aliyekuwa anajua.

Akatoka na tochi kaibana kwa meno, akaenda kufunua kila kifuniko uani. Nikawa nasikia vifuniko vinagongana huko gizani, na maji yanapita kando ya kidole, yanashuka ukutani, yanaingia kwenye maboksi yaliyokuwa yanasubiri hiyo rafu. Vilikuwa vitabu vyake, na daftari lake analoandikia tangu usichana. Dakika 20 au zaidi. Maji yalipokata nilikaa chini palepale kwenye dimbwi. Aliporudi ana tope hadi magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Akachukua taulo, akauviringisha mkono wangu uliokufa ganzi, ndipo akaanza kutoa vitabu kimoja kimoja. Hakusema "nilikuambia". Hadi leo hajasema. Lile daftari tulilianika kamba ya nguo, kurasa kwa kurasa, na vibanio. Wino umesambaa lakini unasomeka.

Kwa hiyo kabla hujashika drili, kila mtu ndani ya nyumba, hata mtoto aliyepata akili, aonyeshwe koki kuu na meinswichi. Aifunge na aifungue kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu koki isiyoguswa miaka inang'ang'ania siku unayoihitaji. Na usitoboe kwenye mstari wa wima juu au chini ya soketi, swichi au bomba, huko ndiko vitu hivi hupitishwa mara nyingi.

Kitasa
"Hakusema nilikuambia." Mkuu, huyo mke mshike kwa mikono miwili.

Zege Kavu
Turudi kwa dada. Paka rangi ya mafuta hapo chini, yaishe. Inaziba, unyevu hautoki tena. Mimi nilifanya hivyo, huu mwaka wa pili.

Mzee wa Rola
Mkuu usimpoteze mwenzio. Unyevu ukiuziba mbele hauondoki, unatafuta njia nyingine. Maji ya ardhini hupanda kwenye tofali kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Akiziba sentimita 50 za chini, malengelenge yatahamia juu ya hizo 50. Na ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanaiyeyusha ndani ya ukuta, yanakuja nayo hadi nje, yakikauka yanaiacha, na ikiganda nyuma ya rangi ndiyo inayoisukuma. Asiioshe kwa maji, atairudisha ndani. Aifagie kwa brashi kavu, kisha atafute maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, udongo uliorundikwa nje hadi juu ya msingi, au nyumba haikuwekewa tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta.

Zege Kavu
Mimi nimejenga kwa mikono yangu hii. Sihitaji kufundishwa unyevu na mtu wa rola.

Mzee wa Rola
Sijadharau mikono yako. Ila zege halikauki mkuu, linakomaa. Saruji inashika kwa kuungana na maji, ndiyo maana tunamwagilia zege angalau siku 7, na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Anayeliacha likauke mapema analidhoofisha. Lipu mpya nayo usiikimbilie na rangi, ipe kama wiki 4.

Zege Kavu
Wiki 4 na mke anataka kuhamia? Wewe humjui mke wangu.

Bibi Brashi
Wanangu, mada ni ndoa. Zege lisubiri.

Sisi kilichotupatanisha ni bawaba. Mlango wa chumbani ulilia miaka yote ya malezi. Ukimlaza mtoto ukitoka, mlango unalia, mtoto anaamka, unaanza upya. Siku moja nimetoka safari nikausukuma, kimya. Nikausukuma tena. Mzee wangu yuko kitandani ananitazama, hasemi kitu. Alikuwa amezitoa bawaba zote 3, amezisugua kutu kwa msasa, amezitia mafuta, amezirudisha. Watoto walikuwa wameshaondoka nyumbani wote. Nililia pale mlangoni kama mtoto, na hadi leo nikipita usiku nautikisa kidogo, nausikiliza usivyolia.

Nusu Mita
Bibi umeniliza. Kwangu ni koki ya jikoni. Tone, tone, tone, usiku kucha, miezi 8. Kumbe ni kile kipira cha ndani kimeliwa. Mke wangu alikibadilisha mwenyewe mimi nikiwa kazini, akafunga maji, akafungua kwa spana, dakika 15. Usiku ule tulilala tukiwa macho tunasikiliza ukimya.

Kibaraza
[ujumbe umeondolewa na mwandishi]

Ua la Jioni
Kibaraza, toa huo ujumbe sasa hivi. Tafadhali. Usimwambie mtu yeyote achanganye blichi na dawa ya choo, si kwa fangasi wa ukutani wala kwa chochote.

Nimekuwa nikiwasoma tu kwa muda mrefu, sijawahi kuandika. Leo siwezi kunyamaza.

Nilikuwa nimetoka kujifungua, wiki ya kwanza niko nyumbani. Mume wangu alitaka bafu ling'ae kwa ajili ya mtoto. Hakuniambia, alitaka nikute tu. Akafunga mlango ili harufu isitufikie, na dirisha akalifunga kwa sababu kulikuwa na upepo. Akamwaga blichi sakafuni na ukutani, akaona madoa hayatoki, akaongeza juu yake ile dawa kali ya choo, yenye asidi.

Nilisikia kikohozi. Nikadhani mafua. Kikabadilika, kikawa sauti ya mtu anayenyongwa. Nikamlaza mtoto katikati ya kitanda, nikamwekea mito pande zote, nikakimbia. Nilipofungua mlango ile harufu ilinikata macho na koo kwa pamoja. Yeye yuko chini, uso karibu na sakafu. Baadaye aliniambia aliinama makusudi, kwa sababu alifundishwa moto ukitokea inama, moshi unakaa juu. Hewa ile ni kinyume. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini. Alikuwa anaifuata.

Nilimshika miguu yote miwili nikamvuta hadi nje, nina mshono ambao bado haujapona. Sijui nguvu zilitoka wapi. Tukakaa uani, akapumua, akaniambia nimepona, rudi kwa mtoto. Nikamwamini. Saa 4 usiku akaamka amekaa, hawezi kulala chali, midomo imebadilika rangi. Hospitali walimweka kwenye oksijeni, alikaa siku 4. Daktari akasema mapafu huweza kujaa maji saa nyingi baada ya mtu kudhani amepona. Kwa hiyo mtu akivuta hewa hiyo mtoe kwenye hewa safi na mpeleke aonwe, hata kama anakuambia yuko sawa.

Kibaraza
Nimeutoa. Nisamehe dada, nisameheni wote. Nimekuwa nikifanya hivyo dirisha likiwa wazi, sikujua. Mikono inatetemeka.

Nusu Mita
Dada, yuko wapi sasa? Anaendeleaje?

Mzee wa Rola
Hewa hiyo ni klorini. Ndiyo iliyofunguliwa kwenye mitungi kama silaha vitani, Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Na blichi usiichanganye na siki wala na dawa yenye amonia pia, kila moja inatoa sumu yake. Blichi inakwenda na maji peke yake.

Zege Kavu
Hapa nakuunga mkono mzee. Dada pole sana.

Mwenye Funguo
Pole dada. Lakini ndiyo maana mimi nasema kila mtu na kazi zake. Bafu mwanaume analitafuta la nini?

Ua la Jioni
Mwenye Funguo, alikuwa anamsafishia mtoto wake. Hilo sitaki lisemwe vibaya. Kilichotukosea ni kwamba hatukusoma maandishi ya nyuma ya chupa, wote wawili.

Nusu Mita, yupo, ahsante kwa kuuliza. Akipanda ngazi husimama katikati kidogo, kisha anaendelea. Binti ana miaka 9. Bafu bado ni lake Jumamosi, amekataa nimpokee. Dirisha wazi, mlango wazi, sabuni ya kawaida, brashi na maji. Anaimba humo ndani, wimbo uleule, anakosea maneno palepale. Mimi nakaa ngazi ya nje na kikombe changu namsikiliza. Akinyamaza kupumua najikuta nami nimesimama, hadi aanze tena.

Bibi Brashi
Mwanangu, Mungu awaweke.

Kitasa
Nimemwita mume wangu asome hii. Ameenda kuangalia chupa zetu zilikowekwa. Zilikuwa zote kabati moja.

Pima Maji
Mama wa Dirishani, tusikusahau. Kabla hamjaendelea kugombana, pimeni. Kata karatasi ya nailoni ya ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote 4 hewa isipite, iacheni saa 24. Maji yakionekana upande wa ukutani, ukuta wenyewe unatoa maji na mumeo yuko sahihi. Yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wenu wa ndani, fungueni madirisha na wewe una haki.

Zege Kavu
Hiyo nayo nzuri. Ila akishindwa, rangi ya mafuta.

Mzee wa Rola
Mkuu!

Mwenye Funguo
Na kama ni nyumba ya zamani msikwangue rangi kavukavu mkivuta vumbi. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na kwa watoto na wajawazito ni hatari. Lowesheni, fungeni pua na mdomo, watoto wasiwepo. Hilo nalisema kwa wote, mke na mume.

Mama wa Dirishani
Nimesoma yote, ya Ua la Jioni nimeisoma mara mbili. Nimefungua mlango. Yuko sebuleni, taa imezimwa, kiti changu kiko mbele yake. Kumbe jioni yote alikuwa anabana mguu wa kiti uliolegea. Nimemsomea ya Pima Maji. Hakusema kitu, ameinuka kutafuta nailoni. Tumeibandika saa 5 usiku, yeye ameshika, mimi nimekata utepe.

Mama wa Dirishani
Saa 24 zimetimia. Tumeifungua wawili. Matone yapo upande wa ukutani, unaweza kuandika jina lako. Tukatoka nje na tochi: upande wa pili wa ukuta ule pana bustani yangu. Udongo nimeurundika mimi mwenyewe, umepita msingi kama sentimita 30, na kila jioni naumwagilia.

Hakusema nilikuambia. Ameniuliza tu maua yahamie wapi. Ndoo ya rangi tumeisukuma chini ya kitanda, tunaanza na koleo Jumamosi. Bibi Brashi, maua yenye mizizi mirefu yanahamishwaje yasife?

Bibi Brashi
Mwagilia usiku wa kuamkia siku hiyo, chimba mbali na shina, toka na udongo wake mzima. Hamisha jioni, jua likishapoa. Na yeye ashike shina wewe ukichimba.