Hema la turubai kambi ya uwindaji: sakafu gani itadumu kwenye udongo wa mbuga?

MsimamiziKambi

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mahema ya turubai, namaanisha yale mazito yenye kuta zilizosimama wima, siyo ya kukunja ya wapanda mlima. Nasimamia kambi ya uwindaji kwenye kitalu huku ukanda wa Rungwa, msimu unafunguliwa Julai mosi na oda ya vifaa inatakiwa iende mapema maana lori likishatoka mjini ndo basi tena, huku hakuna duka la kukimbilia ukisahau hata kilo ya misumari.

Mahema ya wageni ni sita, kila moja mita 4 kwa 5. Mpaka sasa tunatandika turubai la plastiki chini halafu juu mkeka, na mgeni analipa hela nyingi sana kuja huku halafu usiku anashusha miguu kitandani anakanyaga kitu chenye mabonde. Kambi iko karibu na mto na nusu ya eneo ni mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi inapasuka nyufa unaingiza mkono mzima, mvua za Novemba zikianza inageuka gundi. Ukiinua turubai asubuhi kwa chini limelowa wakati mvua haijanyesha hata tone, mkeka unaanza kunuka, nge wanajificha kwenye zile nyufa na mchwa wanapanda kula mkeka kwa chini. Nusu nyingine ya eneo ni kichanga, chini ya miti ya miombo, pako vizuri ila mbali kidogo na mto.

Ofisini wanataka sakafu ya mbao. Mwindaji bingwa wetu anasema mbao ni mzigo tu, tumwage changarawe. Kuna mtu kanitajia mikeka mizito ya raba. Mnashauri nini? Mjue Fuso ni moja, na inabeba pia mafuta, chakula, friji na vitanda. Na mwisho wa msimu kila kitu kinafunguliwa kinaenda stoo.

FundiMufindi

Mkuu mimi ni fundi seremala huku Mafinga, kazi za makambi nimezifanya. Nakushauri mbao lakini siyo mbao za kupigilia moja moja, tengeneza paneli. Chukua marini bodi, ile plaiwudi ya kuvumilia maji, ya milimita 18, saizi yake ni futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Sasa angalia hema lako la 4 kwa 5, ukipanga bodi tatu kwa upana unapata mita 3.66 na mbili kwa urefu unapata 4.88, jumla bodi sita hukati hata moja na hakuna kipande kinachotupwa. Mahema sita ni bodi 36. Bodi moja ina kama kilo 30 na kidogo hivi kwahiyo zote hazifiki tani moja na nusu, ongeza fremu bado Fuso inabeba.

Kila bodi iwekee fremu yake ya mbao za nchi 2 kwa 4, zile za katikati ziweke kila baada ya sentimita 40 usizidishe, maana miguu ya kitanda cha chuma inabonyeza sehemu moja na bodi ikianza kubonyea hairudi. Paneli na paneli zikutanishe kwa boliti, siyo msumari. Msumari utakutesa siku ya kufungua kambi na kila ukiung'oa unachana mbao. Andika namba kwa rangi chini ya kila paneli ili mwakani vijana wasianze kubahatisha ipi inakaa wapi.

Mbao nunua paini iliyotiwa dawa, huku Mufindi ipo ya kutosha kwasababu ya shamba la Sao Hill. Mninga na mkongo mchwa hawazigusi kirahisi ila bei yake siyo ya kuweka chini ya miguu. Halafu jambo moja watu wanalidharau, vipande vinavyobaki vya mbao zenye dawa usiruhusu vichomwe jikoni wala kwenye moto wa jioni wa wageni. Zile dawa za rangi ya kijani nyingi zina aseniki, moshi wake ni sumu na majivu yake pia ni sumu. Mwambie mpishi kabisa kwa mdomo, usiandike tu kwenye karatasi.

Kwa mchwa, nguzo fupi za chini zinazobeba fremu paka oili chafu mara mbili, unaacha ikauke.

Mzee_wa_Vitalu

Nimekaa kambini tangu enzi Selous yote bado ni pori la akiba, kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, naomba niseme ninachokiona. Fundi kaongea vizuri sana habari ya paneli na boliti, lakini oili chafu hapana. Kambi iko jirani na mto, mvua ya kwanza ile oili inashuka kwenye udongo na udongo unaipeleka kwenye maji ambayo nyati wanakunywa na nyie wenyewe mnachota. Nguzo ikalishe juu ya jiwe bapa au tofali, juu ya tofali weka kofia ya bati pana kuliko nguzo, kingo zake zikunje ziangalie chini. Bati halimuui mchwa ila linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje mahali unapoiona, sasa kijana wa hema kila asubuhi anapita na fagio anaibomoa. Kazi ya dakika moja na haina sumu.

Ila mimi ningeanza na ardhi, mbao baadaye. Msimamizi, udongo wa mbuga hautulii. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na utafanya hivyo kila mwaka hata ufanyeje. Ukisimamisha sakafu ya mbao juu yake mwezi wa saba imenyooka kabisa, mwezi wa kumi na moja kona moja imepanda, mlango wa hema hautaki kufunga zipu na glasi ya mgeni inateleza mezani, halafu watu wanamlaumu seremala. Changarawe nayo ukiimwaga juu ya mbuga bila kitu cha kuitenganisha, mvua ikija udongo unaimeza yote. Unaitafuta huioni.

Kwahiyo hayo mahema sita hamishia kwenye kichanga. Mgeni atatembea hatua chache zaidi kwenda kuangalia mto, hilo siyo tatizo, tena usiku viboko wakitoka majini kula majani hawatapita mlangoni kwake. Kwenye mbuga acha parkingi ya magari na hata hiyo wakati wa kiangazi tu.

Ukishakuwa kwenye kichanga kilichoinuka kidogo, mbona mambo yanakuwa mepesi. Kwangua majani na mizizi, piga maji, shindilia, tandika shedineti ile nzito ya bustani, juu yake turubai la chini, halafu mikeka. Shedineti inapitisha hewa na maji, ule unyevu unaoukuta asubuhi unapata pa kutokea, maana unatoka ardhini unapanda na kugonga plastiki ya baridi unageuka maji pale pale. Mvua siyo sababu. Sisi tulikaa hivyo miaka na miaka na wageni wakarudi. Mbao nzuri, sikatai, lakini chini ya sakafu iliyoinuliwa panakuwa nyumba ya panya, na panya akiingia nyoka anamfuata.

FundiMufindi

Shikamoo mzee. Habari ya oili nimekubali, na kofia ya bati ni bora zaidi. Kuhusu nyoka, sakafu ishushe iwe chini, fremu ikae karibu na ardhi sentimita 10 tu, halafu pembeni zungushia wavu wa chuma wa matundu madogo unaozama ardhini kidogo. Hewa inapita panya hapiti.

Dada_wa_Mahema

Mimi nimefanya usafi wa mahema kambi mbili tofauti, naona wanaume mnajadili mbao tu, naomba kuongezea upande wa anayefagia.

Kwanza rangi. Msiweke mkeka wa rangi ya kahawia iliyoiva wala kijani kibichi eti unafanana na pori. Nge hapa kwetu wengi wana rangi ya udongo, akiwa kwenye mkeka wa kahawia usiku humwoni mpaka umemkanyaga. Wekeni mkeka wa rangi ya mkonge au krimu. Vumbi litaonekana ndiyo, tutafagia. Na kila hema liwe na ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau (UV), nge akimulikwa nayo anang'aa kijani kama taa, mimi kabla ya kutandika nilikuwa nazunguka nayo kwenye kona zote na ndani ya viatu vya mgeni, tena wageni wenyewe wanaipenda wanaomba wazunguke nayo wao.

Pili, sehemu ya kuoga nyuma ya hema isiwe marini bodi hata mkisema haipitishi maji. Kingo zinafumuka, kwanza zinavimba halafu zinaanza kuachana tabaka tabaka kama chapati, na sabuni inafanya pawe pa kuteleza. Pale wekeni changarawe ya mto iliyooshwa na juu yake jukwaa dogo la mbao zenye nafasi katikati, mtu anasimama juu maji yanashuka chini. Kila wiki unalinyanyua unalianika juani.

Tatu, mikeka ya raba inanuka jua likiwa kali, hema likifungwa mchana joto ndani linakuwa la ajabu na ile harufu mgeni anaingia nayo kichwa kinamuuma. Labda mlangoni tu kipande kimoja cha kufutia viatu.

Mswahili_Montana

Salamu kutoka Missoula, huku Marekani. Mimi ni mtu wa Kigoma ila huku nimeingia kwenye uwindaji na wenyeji, tunaenda milimani kuwinda elki, mnyama mwenye umbo kama la kulungu ila mkubwa sana, na tunalala kwenye hema la aina hiyo hiyo, turubai nene, kuta zimesimama, ndani kuna jiko la kuni la bati lenye bomba linalotokea juu. Msimu wa bunduki unaanza mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Novemba, theluji ipo. Shida yetu imegeuka juu chini na yenu, ardhi imeganda, ukiwasha jiko inayeyuka na kuwa tope ndani ya hema wakati nje kila kitu ni barafu. Kwahiyo wengi hawaweki sakafu hema zima, wanaacha udongo mtupu au wanamwaga kokoto chini ya jiko, na plastiki au kapeti vinakaa upande wa vitanda tu, mbali na cheche. Hiyo mikeka ya raba huku wanayo, ni ile ya mabanda ya farasi, futi 4 kwa 6, lakini kipande kimoja kinene kinakaribia kilo 45, ukimwonea huruma farasi wa kubeba mizigo huichukui.

Sasa nilichotaka kusema kwa msimamizi ni hiki na nakiona ni kikubwa kuliko aina ya mbao: sakafu isizidi ukuta wa hema hata kidogo. Watu wanapenda kujenga jukwaa kubwa halafu hema linakaa juu yake kama kofia juu ya meza, inapendeza kwenye picha, mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye ukuta yanatua juu ya mbao zilizotokeza na yanaingia ndani moja kwa moja, huna pa kuyazuia. Turubai la ukuta lishuke lipite ukingo wa sakafu kwa nje mpaka chini. Vipimo vya fundi vya 3.66 kwa 4.88 vimekaa vizuri kwasababu hema ni 4 kwa 5, unabaki na sentimita 17 kila upande na 6 mbele na nyuma. Mahema mengi yana ule ulimi wa turubai chini ya ukuta, uingize ndani ulale kwenye ile nafasi, halafu turubai la chini lipande juu yake. Ukilipanga kinyume, ulimi juu na turubai chini, maji yakipenya yanalala juu ya turubai ndani ya hema. Pia turubai la chini lisichungulie nje ya ukuta, hata sentimita mbili zinatosha kukinga maji na kuyaleta kitandani.

MsimamiziKambi

Aisee asanteni sana, nimeonyesha ofisini huu mjadala wote. Tumekubaliana mahema ya wageni yanahamia kwenye kichanga. Yatawekwa paneli za marini bodi milimita 18 kwa vipimo vile vile, fremu iliyoshuka chini, tofali na kofia za bati, wavu pembeni. Hema la kulia chakula na mahema ya wafanyakazi yatakuwa shedineti, turubai na mikeka kama alivyosema mzee, na mimi nataka ya wafanyakazi nayo yawe kwenye kichanga, siyo wao wabaki kwenye tope. Bafuni changarawe na jukwaa, na rangi ya krimu dada nimeiandika kwenye oda.

Swali la mwisho, zile sentimita 17 za pembeni, mguu wa kitanda au wa mgeni hauwezi kudumbukia?

FundiMufindi

Kitanda usikisukume mpaka ukutani, kiache ndani ya bodi na ukingoni pigilia ufito wa nchi mbili ili mguu wa kitanda ukiteleza ugote hapo. Ile nafasi yenyewe jaza kichanga kilichochekechwa ila kiishie chini ya kofia za bati, ili hewa ipite na njia ya mchwa ionekane, shindilia, ndo ulaze ulimi na turubai juu yake kama alivyoeleza jamaa wa Montana. Wavu uweke kabla hujajaza kichanga, pande zote nne, na upande wa mlangoni acha kipande unachoweza kukifungua ili kijana achungulie chini.

Mzee_wa_Vitalu

Marahaba fundi. Na msimamizi, siku ya kupanga mahema usitumie macho, tumia pima maji na kamba. Sakafu ilalie nyuma kidogo sana kuelekea bafuni, na mfereji mdogo upite upande wa juu wa hema unakotoka mteremko. Uchimbeni Julai ardhi ikiwa kavu, msisubiri mawingu ya Novemba.