GIST: modeli ya CT inapata AUC 0.94 kwetu, kituo cha pili inaporomoka

vokseli_moja
Habari wakuu. Tunatengeneza modeli ya kutabiri ukali wa GIST (uvimbe wa ukuta wa tumbo na utumbo) kwa skani za CT za kabla ya upasuaji. Wagonjwa ni 140, na 45 wamo kwenye kundi la hatari kubwa kwa mgawanyo wa Joensuu wa 2008 (unapima hatari ya uvimbe kurudi baada ya upasuaji). Uvimbe tumeuchora kwenye awamu ya vena pota (dawa ya kung'arisha picha inapofika mshipa wa ini), programu ya PyRadiomics ikatoa vipengele (vipimo vya picha) karibu 1,200, LASSO, mbinu ya kuchuja vipengele, ikabakiza 9. AUC (uwezo wa kutenganisha makundi; 1 ni kamili, 0.5 ni kubahatisha) ni 0.94. Kwa skani za hospitali nyingine imeshuka hadi 0.68. Shida ni mashine zao au ni modeli?

patho_na_picha
Mkuu, kabla hujazigusa mashine, tazama lebo, yaani majibu mnayoifundishia modeli. Mgawanyo huo unahesabu ukubwa, seli zinazogawanyika, mahali uvimbe ulipo, na kama umepasuka. Uvimbe uliozidi sm 10 unaingia hatari kubwa moja kwa moja, hata kama seli zake zimetulia. Ukiipa modeli ujazo wa uvimbe umeshaivujishia mtihani. Piga AUC ya kipenyo peke yake. Ikikaribia 0.94, basi vipengele vyako 1,200 ni rula ya gharama kubwa tu.

Tabiri mgawanyiko wa seli wenyewe: zaidi ya 5, au 5 kushuka chini, kwa mm² 5. Hicho rula haikipimi, na sindano ya biopsi hukikosa mara nyingi kwa sababu inachota tishu kidogo mno. Kisha ijaribu modeli ndani ya sm 5 hadi 10, maana hapo ndipo inapohitajika. GIST ya sm 7 kwenye mfuko wa tumbo ni hatari ya kati mgawanyiko usipozidi 5, na ni hatari kubwa ukizidi. Ya utumbo mwembamba kwa ukubwa huohuo ni hatari kubwa tayari, kwa hiyo usizichanganye bila kuiambia modeli mahali.

Waulize pia maabara wanahesabuje. Ripoti nyingi zinasema "sehemu 50" za darubini. Kwa darubini yenye uwanja wa kipenyo cha mm 0.55, sehemu 21 tu zinatimiza mm² 5. Sehemu 50 ni karibu mm² 12. Vituo viwili vikitofautiana hapo, lebo zenu hazilingani hata kama skani ni zilezile. Na aliyetumia imatinib (dawa ya GIST) kabla ya upasuaji mwondoe: dawa inashusha wiani wa uvimbe kwenye CT na inapunguza mgawanyiko, yaani inaharibu picha na lebo kwa pamoja.

awamu_ya_pili
Nakubaliana na hayo yote, ila mashine nazo zina lao. Vipande vya skani vyenye unene wa mm 1.25 na vya mm 5 havitoi umbile moja la tishu. Kusawazisha vya mm 5 viwe vokseli (nukta za picha za pande tatu) za mm 1 ni kubuni data ambayo haikuwepo. Afadhali uvipandishe vyote hadi mm 5 au upime ndani ya kipande kimoja kimoja.

Upana wa makundi ya HU (kipimo cha wiani kwenye CT) nao, yaani jinsi PyRadiomics inavyozigawa thamani hizo. Chaguo-msingi ni 25. GIST yenye HU 20 hadi 120 inabaki na makundi matano tu, umbile linafutika. Jaribu 10, usishuke sana chini ya hapo, la sivyo utapima kelele za mashine.

Halafu kagua michoro yenyewe. GIST iliyotoboa kidonda kwenye utando huwa na hewa shimoni. Vokseli chache za HU -900 zinatosha kuvuruga kiwango cha chini, masafa (tofauti ya juu na chini) na mshazari (thamani kuegemea upande mmoja). Tupa kila kilicho nje ya -50 hadi 200, lakini sehemu zilizokufa ziache, ndizo zenye habari. Wachoraji wawili wachore wagonjwa 30 walewale. Kipengele chenye ICC (makubaliano ya wachoraji) chini ya 0.75 kiende.

vokseli_moja
Asanteni. LASSO ifanyike kabla au baada ya kugawa data? Na ComBat, ile mbinu ya kuondoa tofauti za mashine?

patho_na_picha
Baada, tena upya ndani ya kila mkunjo (kila sehemu ya data inayojaribiwa kwa zamu), pamoja na kusawazisha vipimo. ComBat usiipe matokeo ya patholojia kama kigezo, utakuwa umevujisha jibu. Mkipata wagonjwa 30 wenye mgawanyiko uliozidi 5, vipengele 3 vinatosha, si 9.

Linganisha na anachokiona mtaalamu wa radiolojia kwa macho: mpaka usio sawa, kidonda, sehemu zilizokufa, mishipa ya damu iliyotanuka kuelekea kwenye uvimbe. Modeli isipoyashinda hayo, haina kazi. Na kwa data ya kituo cha pili chora grafu ya ulinganifu: ikisema asilimia 30, wahesabu kama kweli ni 3 kati ya 10, kwa sababu AUC nzuri haikuonyeshi hilo.