Mjadala: Mtoto anayepiga hesabu za korosho kichwani anafelije Hisabati?

Ndugu zangu, kwenye kikao cha wazazi hapa Tandahimba mzazi mmoja alisimama akasema watoto wa Kusini hawapendi hesabu kwa sababu wanajua korosho ipo. "Akili zao ziko kwenye msimu," alisema, na wengi wakapiga makofi. Mimi nafundisha Hisabati sekondari ya kata, na kauli ile imenikaa moyoni. Naikataa, na naomba tuijadili.

Msimu uliopita, baada ya mnada, nilimkuta mwanafunzi wangu wa kidato cha pili amekaa na baba yake nje ya ghala la chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mzee ameshika stakabadhi: kilo 243. Bei ya mnada shilingi 2,150 kwa kilo, makato 200 kwa kilo. "Tunapata ngapi, mwanangu?" mzee akamuuliza. Kijana hakushika kalamu wala simu. "Inabaki 1,950. Tuifanye elfu mbili kwanza: laki nne themanini na sita elfu. Sasa toa hamsini kwa kila kilo, elfu kumi na mbili mia moja hamsini. Laki nne sabini na tatu elfu, mia nane hamsini." Nilihakiki kwenye simu. Sawasawa.

Jumatatu yake nikaandika ubaoni: Expand 3(x – 2), yaani fungua mabano. Kijana yule yule aliacha daftari jeupe, nami nikampa sifuri. Usiku nikisahihisha ndipo nikashtuka. Hesabu ya ghalani ni hiyo hiyo! 243 nje ya mabano, 2,000 toa 50 ndani. Aliijua tangu zamani, ila hakujua ndiyo ninayomuuliza.

Huyu mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili: sehemu, mzingo, wastani, kigawe kidogo cha shirika. Anaingia kidato cha kwanza, maneno yote yanafutwa, yanakuja ya Kiingereza. Swali la mafumbo lenye mistari minne halimshindi kwa hesabu, linamshinda kabla hajafika kwenye hesabu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Sekondari bado tunafundisha Hisabati kwa Kiingereza, na kila NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ikitangaza matokeo ya kidato cha nne, wengi wa watahiniwa wameanguka somo hili.

Sisemi lugha ndiyo sababu pekee. Walimu wa Hisabati ni wachache, hilo kila mtu analijua. Wapo wanaolaumu jando na unyago, kwamba watoto hurudi shuleni wamechelewa. Kuna ukweli hapo, maana hesabu hujengwa moja juu ya nyingine, ukikosa wiki mbili za mwanzo unayumba muhula mzima. Na fimbo jamani! Mtoto wa darasa la nne anaulizwa saba mara nane huku kiboko kiko juu, atalipenda vipi somo hilo? Anakua akiamini hesabu ni adhabu, na nyumbani anaambiwa, "Hata mimi zilinishinda."

Mwenzangu mmoja ofisini ananiambia nikieleza kwa Kiswahili nawaponza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Namjibu hivi: istilahi za Kiingereza nitawapa, wazikariri na kuziandika, lakini ziwe jina la kitu ambacho mtoto ameshakielewa. Jina bila kitu halimsaidii kwenye chumba cha mtihani.

Yule kijana nilimwita tena. Nikamwambia, una kilo tatu, bei ya kilo ni x, makato ni shilingi mbili kwa kilo. Sikuwa nimemaliza kuandika: "Tatu x, toa sita, mwalimu."

Walimu wenzangu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa, na ninyi wazazi: darasani kwenu hali ikoje? Anayeona lugha si tatizo aniambie huyu mtoto alikwama wapi kati ya ghala na ubao.