Naomba ushauri: tawi la Machakos au makao makuu?

Habari zenu, ndugu zangu. Nina shahada ya biashara, upande wa fedha, na ni afisa wa mikopo katika benki moja hapa Nairobi. Nilianzia kaunta. Nia yangu ni kufika uongozi wa juu, na naitaka kwa moyo wote.

Sasa nimepewa nafasi mbili: naibu meneja wa tawi Machakos, au mchambuzi katika idara ya kusimamia hatari za kifedha (risk), makao makuu, Upper Hill. Mishahara inakaribiana.

Kazi ya kukutana na wateja naipenda mno. Juzi nilikaa Gikomba na mama anayeuza marobota ya mitumba, tukalinganisha daftari lake na taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari, nikaona biashara nzima ambayo fomu ya mkopo haikuionyesha. Huko Upper Hill nahofia kulikosa hilo. Lakini nikiwatazama waliofika juu, naona njia ya hesabu ina nguvu: James Mwangi aliingia benki ya Equity akiwa mhasibu kitaaluma, na Joshua Oigara alikuwa mkuu wa fedha wa benki ya KCB kabla ya kushika usukani mwaka 2013.

Halafu kuna masomo. Nimalize CPA, ile mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB, kwanza, au nianze shahada ya uzamili? Ada ya vyote viwili kwa pamoja siiwezi.

Wakubwa mliopitia benki, mlipitia wapi, na mngenishauri nini? Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.