Naomba ushauri: kupokea stoo ya kikosi cha anga cha kujitolea

Wakuu, ofisa ugavi mpya anakabidhiwa stoo: redio za mkononi, hedifoni za marubani, gari la kikosi, sare za vijana. Utaratibu ni kuhesabu kwanza, saini baadaye, na namba ya mfululizo isomwe kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi, maana maboksi hubadilishwa sana. Kinachosumbua ni redio walizoazimwa wanachama walioacha kuhudhuria: hati za kuazima zimesainiwa, redio hazionekani. Ziandikwe zimepotea sasa, au zibaki kwa jina la ofisa ugavi anayeondoka mpaka uchunguzi uishe? Na betri zilizovimba (msithubutu kuzichaji, zinaweza kuwaka) mnazifutaje kwenye leja? Sare hazina shida, zinahesabika.