Kichwa cha greni 170 kwenye .270 yenye msokoto wa 1:10, kitatulia?

Kongoni_Nyanda: Wakuu, heshima kwenu. Bunduki ni .270 Winchester, mtutu wa inchi 22, karatasi ya kiwandani inasema msokoto 1:10, yaani mifereji ya ndani ya mtutu inazungusha kichwa cha risasi mara moja kila inchi 10. Greni 130 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa, moja ni kama gramu 0.065) inapiga vizuri. Nataka kuhamia vichwa vile virefu vya greni 170 kwa kongoni wa mita 350 hadi 400, maana upepo wa mbuga zetu hauna huruma. Urefu wa kichwa ni milimita 36.8. Mtutu huu utakibeba?

Fundi Mitutu: Mkuu, kinachodai msokoto ni urefu wa kichwa. Uzito tumezoea kuutaja kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye boksi. Hewa husukuma kichwa mbele ya kitovu chake cha uzito, na muda wote inataka kukipindua. Mzunguko ndio unaokizuia, kama pia ya watoto: ikizunguka kwa kasi inasimama, ikichoka inayumba. Kichwa kikirefuka, hewa inapata mkono mrefu zaidi wa kukipindulia.

Tumia kanuni ya Miller, hesabu ya kukadiria utulivu wa kichwa hewani. Uzito kwa greni mara 30, kisha gawanya kwa vitu vinne vilivyozidishwa pamoja: msokoto kwa inchi kipeo cha pili, kipenyo cha kichwa kwa inchi (hapa 0.277), urefu uliohesabiwa kwa vipenyo, na 1 jumlisha urefu huohuo kipeo cha pili. Milimita 36.8 ni inchi 1.449, yaani vipenyo 5.23. Kwa hiyo 5,100 gawanya kwa (100 × 0.277 × 5.23 × 28.36) = 1.24. Tunatafuta 1.5 na kuendelea. Chini ya 1 kichwa kinapinduka hewani. Hapo katikati ndipo penye mtego: kinaruka, hata kundi la matundu la mita 100 linaweza kupendeza, lakini kinayumba kidogo na kupoteza ule uwezo wa kukata upepo uliokufanya ukinunue.

Mtutu wa 1:9 ungekupa 1.53, wa 1:8 ungekupa 1.94. Msokoto wa .270 ni wa tangu 1925, ulipangwa kwa greni 130. Remington, watengenezaji wa bunduki, walilipia somo hilihili: .244 yao ya 1955 ilitoka na 1:12, ikasumbuka na vichwa virefu vya greni 100, wawindaji wakaikimbilia .243 yenye 1:10. Mwaka 1963 wakairudisha na 1:9 kwa jina la 6mm Remington.

Nyanda za Juu: Naongeza la hewa, maana hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari, nyuzi 15, mwendo wa mita 853 kwa sekunde. Ukiwa mita 1,600 juu, kama Iringa, hewa ni nyepesi na ile 1.24 inapanda hadi karibu 1.5. Usidanganyike. Ukiipangia ziro (kulinganisha shabaha na pale risasi inapopiga) huko kisha ukashuka kuwinda upande wa Rufiji au Kilwa, unarudi kwenye 1.3 hata kukiwa na joto. Hesabia mahali pabaya zaidi utakapopigia.

Na vichwa vya shaba tupu ni virefu kuliko vyenye kiini cha madini ya risasi vya uzito uleule, kwa hiyo usihamishe namba za greni kutoka aina moja kwenda nyingine.

Kongoni_Nyanda: Nimeelewa. Je, nikishuka hadi greni 150? Urefu ni milimita 32.5.

Fundi Mitutu: Hiyo inatoa 1.57 usawa wa bahari. Chukua hiyo. Kwa mita 400 upepo utakusogeza sentimita chache tu zaidi ya 170, na kichwa kinachoruka wima kina faida kuliko kizito kinachoyumba. Ila soma mtengenezaji anataka mwendo gani ili kichwa kifunguke. Vingi vinahitaji kama mita 550 kwa sekunde pale kinapomfikia mnyama.

Kitambaa na Mafuta: Kabla ya kuamini karatasi, pima. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (kile kifungio cha nyuma ya mtutu). Chukua fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka wenyewe, funga kitambaa kinachobana, kiingize kwenye mifereji. Weka alama juu ya fimbo na nyingine usawa wa mwanzo wa mtutu. Sukuma polepole mpaka alama ya juu izunguke mara moja kamili, pima fimbo imeingia inchi ngapi. Rudia mara tatu. Kitambaa kikilegea kinateleza na kukupa namba ya uongo.

Kisha piga karatasi ngumu mita 100 na 300. Tundu liwe duara safi. Likiwa kama yai, kichwa kinaingia kimeinama. Usilaumu msokoto kabla ya kukagua mdomo wa mtutu: mkwaruzo mdogo pale ukingoni unaachia gesi upande mmoja na kutoa dalili ileile. Pitisha pamba kuuzunguka. Ikinasa nyuzi, umepata ugonjwa.